Meno ya Binti wa Mfalme

Kosa la yule binti, kwa mujibu wa shangazi yangu, lilikuwa meno. Tulikuwa sebuleni kwa mdogo wangu Aika, Shirimatunda, Jumapili mchana baada ya kanisa, ndugu wamebanana kwenye makochi na watoto wamejimwaga kwenye mkeka, tunaangalia filamu mpya. Naiita mpya, lakini hadithi yake ni ile ile ya katuni ya utoto wetu: binti wa mfalme ananyang'anywa kicheko na mchawi, ufalme wote unafunikwa na ukungu, na ukungu hauondoki mpaka siku binti atakapocheka tena. Safari hii hawakuchora. Wameweka watu wa kweli, farasi wa kweli, na msichana wa kweli ambaye akilia makamasi yanamtoka kidogo kama mtu yeyote.

Nilidhani watu wangefurahi. Wapi! Binamu yetu aliyekuja kutoka Dar alisema wameiharibu tangu mwanzo, maana yule wa zamani nywele zilimfika magotini na huyu zake zinaishia mabegani. Mume wa Aika akasema yule wa zamani alikuwa mwembamba. Mwingine akasema sauti siyo, mwingine rangi siyo, mwingine hata farasi siyo. Kwenye kundi la ukoo kwenye simu mabishano yalishaanza tangu katikati ya wiki, na watu wazima wenye presha na wajukuu walikuwa wanaandika kama waliofiwa. Kisha ikafika sehemu yenyewe, binti akacheka, na shangazi akaweka kikombe chake chini.

"Hata meno jamani? Wameshindwa kumpata mwenye meno meupe?"

Meno ya yule msichana yalikuwa ya kawaida, yamepandana kidogo upande mmoja, yana rangi ya mtu anayekunywa chai. Neema, binti wa Aika, ambaye hajawahi kuiona ile katuni, alikuwa amekaa mbele ya wote na kwa muda mrefu hakuwa amepepesa macho. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama mkubwa, kwani kosa lake ni nini?" Nilisema naenda kuangalia mtori wa ndizi usije ukaungua, nikaingia jikoni. Mtori ulikuwa umeshaepuliwa zamani.

Meno yangu mimi ni ya kahawia. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Nilizaliwa tambarare, Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga, na maji tuliyokuwa tunakunywa ni ya kisima, mazuri mdomoni na mabaya kwa meno ya mtoto anayekua. Hatukuwa wenyeji wa huko. Baba alikuwa mtoto wa katikati, na kwetu kihamba, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa, huenda kwa wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati huambiwa atafute pake, na baba alitafuta akapata huko chini kwenye joto na mbu. Bibi, mama yake, alibaki juu Kirua, ambako maji ya mfongo, ule mfereji waliouchimba wazee wetu kutoka mlimani, yalipita nyuma ya jiko lake yakiwa baridi mpaka fizi zinauma. Kihamba chenyewe kilikuwa cha baba mdogo, aliyeishi Dar na kukiona mara moja kwa mwaka.

Meno yangu ya utoto yalipong'oka niliyatupa juu ya bati kama watoto wote, nikaomba mapya. Nikapewa. Yalikuja na michirizi, michirizi ikawa madoa, na mwishowe yakawa kama yamelala usiku kucha ndani ya kahawa. Shuleni tulikuwa wengi wa namna hiyo, kwa hiyo sikujua kwamba ni ubaya. Nilijua siku mama aliponitoa nje kwenye mwanga, akanishika kidevu, akanifunua mdomo kama anavyofunuliwa mbuzi mnadani. Kisha aliingia ndani kwa baba, na nyumba ya mabati haina siri.

"Huyu tumeshachelewa," nilimsikia akisema. "Angalau mdogo tumuwahi."

Mdogo ndiye Aika, ndiyo kwanza ameacha ziwa. Wiki haikuisha, mama akambeba mgongoni akapanda naye Kirua, na jioni alirudi peke yake na kitenge cha kumbebea amekikunja mkononi. Alikaa kwenye kigoda asipike. Nilipomuuliza Aika yuko wapi akasema yuko kwa bibi, anakunywa maji mazuri.

Mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa. Mimi nilielewa kwa akili zangu: mimi nimeharibika, na mama ameamua kutengeneza mwingine. Nilishamwona akipika chapati. Ya kwanza huungua kabla kikaango hakijatulia, hupewa mtoto aliye karibu, na ya pili ndiyo inayowekwa kwenye sahani ya mgeni. Sikuona ajabu yoyote katika mawazo hayo. Niliona tu kwamba iko siku chapati ya pili itaiva, na hapo sijui ya kwanza itafanywa nini.

Na watu walinithibitishia bila kujua. Kila Krismasi tulipanda Kirua, kama Wachaga wote wanavyorudi nyumbani hata kama mwaka mzima wamesahau nyumbani ni wapi, na kila Krismasi nilimkuta Aika amekua, amevaa magauni yangu ya zamani, ana sura yangu. Shangazi, huyu huyu wa kikombe, alitukalisha kwenye benchi moja akatupima kwa macho. "Ni Upendo yule yule," akasema, "ila huyu ametokea vizuri." Wakacheka wote, na mama naye akacheka. Roho iliniuma hadi nikaenda kukaa kwenye banda la ng'ombe, nikijifanya namwekea majani.

Baba mdogo ndiye aliyeleta televisheni na deki kwa bibi, na pamoja navyo ile katuni. Ilikuwa imetafsiriwa na jamaa mmoja wa sauti nzito aliyesema maneno ya watu wote, ya mfalme, ya mchawi, ya binti, na ilipofika zamu ya binti kucheka alicheka kama dereva wa lori. Hatukujali. Tuliiangalia hadi tukayajua maneno yote. Nje kulikuwa na ukungu wa Kirua unaoingia mpaka mlangoni, ndani kulikuwa na ukungu wa kwenye filamu, na chumba kilinuka ndizi za kuiva zilizofunikwa kwa majani kwenye kona.

Wenzangu walimpenda binti kwa ajili ya nywele. Mimi nilimpenda kwa sababu alifunga mdomo. Tangu mwanzo hadi karibu na mwisho hakuufungua, watu wote ufalme mzima wanamsihi acheke na yeye amekaza midomo, anatazama chini. Habari za mchawi mimi sikuziamini. Nilijua anaficha nini. Nilikuwa na hakika kwamba mle ndani ana meno kama yangu, na kwamba siku akicheka na wao wakayaona, ukungu utaondoka vilevile. Niliisubiri sehemu hiyo nikiwa nimesogea karibu na kioo. Kisha akacheka, na meno yakang'aa kioo kizima. Nilihisi nimeibiwa. Nilifikiri sana nikafikia uamuzi mmoja tu unaoingia akilini: mle ndani ya ukungu walimbadilisha. Yule wangu walimtoa, wakamwingiza mwingine anayefanana naye.

Krismasi ya mwisho, kabla mambo hayajabadilika, binamu wa kutoka Dar aliamua tuicheze ile katuni sisi wenyewe mbele ya wakubwa. Yeye ndiye aliyegawa nafasi, kwa kuwa alikuwa wa mjini na ana viatu. Mimi nilikuwa wa kwanza kutajwa. Nilijua maneno yote na nilijua kulia. "Wewe ndiye binti," akaniambia, na moyo ukapaa. "Mpaka kwenye ukungu. Kwenye ukungu unaingia wewe, anatoka Aika, anacheka." Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kipa awe mrefu, "Ya kucheka inataka meno."

Aika wakati huo alikuwa ameshaota meno ya mbele. Yalikuwa meupe, mapana kidogo kwa uso wake, na kila mgeni aliyefika kwa bibi aliombwa ayaone.

Tulicheza uani baada ya chakula, wakubwa kwenye mabenchi na viti vya kukunja, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka kwenye kata. Nilivaa kitenge cha bibi na taji la majani ya mgomba. Naweza kusema bila aibu kwamba nilicheza vizuri. Sikufungua mdomo, nililia machozi halisi, na bibi alijifuta macho kwa upindo wa khanga. Kisha binamu akawasha majani mabichi kwenye karai, moshi ukatanda, mimi nikaingia ndani yake. Aika alikuwa amejibanza huko, anakohoa. Nikamvua mtandio, nikamvisha taji langu, nikamfunga kitenge kilichoburuzika chini, akatoka upande wa pili kwenye jua na kucheka.

Vigelegele vilipanda mpaka kwa majirani. Hakuna aliyelalamika kwamba binti amepungua kimo. Shangazi alipiga makofi akasema kwa nguvu, "Ndiyo huyu sasa!" na wengine wakarudia, ndiyo huyu, ndiyo huyu. Mimi nilikuwa bado ndani ya moshi, macho yananiwasha, namtafuta mama. Nilimwona. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya watu waliokaa, anapiga makofi, machozi yanamtiririka, anamtazama Aika kwa namna ambayo sikumbuki kama aliwahi kunitazama mimi. Nilielewa kwamba chapati imeiva.

Sikukuu zilipokwisha mama alitandaza nguo kitandani kwa bibi, akawa anakunja. Nguo za Aika zilikwenda kwenye begi. Zangu alizipanga juu ya sanduku la bibi. Nilisimama mlangoni nikaangalia zile nguo zikitengana, gauni moja huku, gauni moja kule, na nilijua kabla hajafungua mdomo. Alisema Aika anaanza darasa la kwanza, ni haki akae na wazazi wake. Alisema magoti ya bibi hayampandishi tena mlima na ng'ombe anataka majani. Alisema shule ya Kirua ni nzuri kwa mtoto wa madarasa ya juu kama mimi. Aliyasema yote akiwa amejiinamia, anakunja shati lile lile mara ya pili.

"Sawa, mama," nilisema.

Kama angeniuliza nadhani ningepiga kelele. Hakuuliza. Aika ndiye aliyepiga kelele, ameng'ang'ania sketi ya bibi, hataki kwenda na hao watu, na baba alilazimika kumbandua kidole kimoja kimoja. Niliwatazama wakiteremka kati ya migomba, mama mbele na begi kichwani, Aika kwenye bega la baba amegeukia nyuma, mdomo wazi kwa kilio. Hata katika kulia, meno yale yalionekana kwa mbali.

Nilikaa na bibi miaka yote iliyobaki ya utoto. Hakunitesa, nisimsingizie. Alinifundisha kukata majani ya ng'ombe bila kujikata, kupika kiburu cha ndizi na maharage kisishike sufuria, kumwamkia kila mtu hata yule aliyemchukia. Lakini mimi nilikuwa na kazi yangu ya siri. Kila asubuhi nilichuchumaa kwenye mfongo nikanywa maji hadi tumbo likauma, kisha nikasugua meno kwa majivu na mchanga mpaka damu ikatoka. Nilijipa matumaini kwamba yakiwa meupe nitateremka. Bibi alinikuta siku moja na mdomo mwekundu. Hakunigombeza. Alinishika mkono akaniosha uso kwa yale maji, akasema niache, nitajiumiza bure, yameshakuwa. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu waondoke, na yeye akadhani ni fizi.

Likizo niliteremka Chekereni kama mgeni. Mama alinipikia wali mpya na kuku, akaniuliza habari za bibi na za ng'ombe. Na hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya nimchukie mdogo wangu kwa miaka mingi, na ninatumia neno hilo nikijua uzito wake. Aika alikuwa akicheka, alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja. Mimi ndiye ninayecheka hivyo. Nilianza baada ya lile igizo, na sikuwahi kuacha. Yeye mwenye meno ya kutangazia dawa alikuwa ananiigiza mbele ya macho yangu, mezani, mama akiwa amekaa pale pale. Niliona ni dhihaka. Niliona hakutosheka na nafasi yangu, sasa anataka na aibu yangu ya kuchezea.

Tulikua hivyo, ndugu wa kusalimiana vizuri. Tumechangia misiba, tumesimamiana harusi, nimewabeba watoto wake. Mama tulimzika pamoja, tumeshikana mikono, na hata siku ile sikumuuliza.

Nilimuuliza Jumapili ile, jikoni kwake, mbele ya sufuria ya mtori. Aliingia kuchukua sahani, na kutoka sebuleni tulimsikia shangazi bado anaendelea na meno ya yule msichana, anasema siku hizi hawajui kuchagua. Aika akacheka, mkono ukapanda mdomoni wenyewe. Sijui kilichonipata. Labda ni harufu ya ndizi.

"Aika, wewe unaficha nini?" nilisema. "Mwenye cha kuficha ni mimi. Wewe unaziba mdomo wa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Aliweka sahani mezani, akakaa kwenye stuli, akaanza kunieleza polepole. Alisema alipofika Chekereni hakumjua yule mwanamke aliyeambiwa ni mama yake. Alimwamkia kila asubuhi kama unavyomwamkia mgeni wa bibi. Yule mwanamke alimwita Upendo, kisha akajisahihisha, kisha akamwita Upendo tena. Alitenga sahani ya ziada kila siku mpaka baba akamwomba aache. Na siku moja Aika alicheka mezani, kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyozoea uani kwa bibi ambako kila mtu aliyapigia meno yake makofi. Mama akaacha kupakua. Akatoka nje, akakaa huko muda, akarudi na macho mekundu.

"Akaniambia, 'Siyo hivyo. Upendo hachekagi hivyo,'" Aika alisema. "Basi ulipokuja likizo nikakuangalia. Nikajifunza. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda, nikadhani nisipocheka kama wewe atanirudisha kwa bibi, akulete wewe mwenyewe."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilitaka kumwambia habari za chapati, za majivu, za nguo zilizopangwa juu ya sanduku, na nilimwambia baadhi, vibaya vibaya, bila mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho. Sote wawili tulikuwa tunalia, na kule sebuleni walikuwa wanabishana kuhusu farasi.

"Sasa mama alikuwa anamtaka nani?" Aika akaniuliza.

Aliyekuwa na jibu hayupo. Namwona tu amesimama katikati ya mabenchi, anapiga makofi na machozi yanamtoka, na baada ya miaka yote hii sijui tena yalikuwa ya nini, kama alimfurahia aliyetoka kwenye moshi au alimlilia aliyebaki ndani.

Neema aliingia jikoni akikimbia. Alikuwa ameirudisha nyuma ile sehemu ya kicheko akaiangalia tena peke yake, wakubwa wakiwa wamezama kwenye mabishano, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Mama mkubwa, nimeliona kosa lake."

"Lipi, mwanangu?"

"Amecheka hajaziba mdomo."

Akatuonyesha inavyotakiwa, kiganja juu ya midomo, kichwa kimeinama kidogo, macho peke yake ndiyo yanacheka. Kisha akasubiri tumsifu. Nilimtazama Aika, naye akanitazama, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kumwonyesha namna nyingine.